Kamba Mbili za Tata Mapasa

— Kichwa mbili, kofia moya. Weye unauzishaka ku soko kila siku, Mama Amisa. Fanya ile hesabu na mi nione.

— Sufu ilikwisha, Tata Mapasa. Mi si kondoo.

— Kama sufu ilikuwa ya kichwa moya, ungengoja ikuwe ya mbili.

— Na kama ningengoja, ungezunguka mutaa yote kusema Amisa ni muchoyo, eko na mukono nguvu. Nirudishie basi.

— Kitu ya mapasa hairudi.

— Basi vaa weye.

Mukalay, huyo Tata Mapasa, yaani baba wa pacha, alikuwa amesimama kwenye mulango wa Amisa, mikono yote miwili na povu la sabuni mpaka kwenye kiwiko, kofia ya sufu ya rangi ya kiini cha yai ikining'inia kwenye kidole kimoja. Amisa alikuwa amekaa kwenye mukeka akichambua ndagala, hata kichwa hakuinua. Bwana wake Feruzi alikuwa na lori, na ndilo lililokuwa likimuletea sufu kutoka Lubumbashi. Sasa lori lilikuwa limelala Likasi, limeharibika, na sufu ndani yake. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeshaingia Kolwezi, ile inayokata masikio asubuhi, na mapasa ya Mukalay walikuwa na kofia moja.

Sisi wa mutaa ule wa Manika tulikuwa tumezoea. Mukalay alikuwa mutu wa kulalamika vile wengine ni batu wa kuimba. Lakini malalamiko yake hayakuwa na sumu. Ukimupa kiti, analalamikia kiti huku amekaa.

Alizaliwa kando ya reli kule Kasaji, kwa baba aliyelima mihogo na kuiuzisha kwa wasafiri kwenye madirisha ya gari-moshi. Akafika Kolwezi kijana, na sanduku la mbao na shati moja la maana, kutafuta kazi ya mugodi. Balimuangalia kifua, balimuangalia mikono, wakamuambia hapana. Wakamutuma kwenye nyumba ya wageni ya kampuni, kufula mashuka na kuyapiga pasi. Siku ya kwanza alilalamika kwamba hiyo ni kazi ya banamuke. Siku ya pili alilalamika kwamba wale aliowakuta pale hawajui kuifanya.

Alikuwa na jina la ubatizo, Louis. Lakini miaka ile serikali ilikuwa imetuvua majina ya watakatifu vile mwanaume anavyovuliwa kofia akiingia kanisani, na kila mutu alikuwa citoyen au citoyenne, raia kwa Kifaransa. Bibi yake Mado peke yake ndiye aliyemuita Louis, tena ndani ya nyumba, tena mambo yakiwa mabaya.

Mado alizaa mapasa, banaume wote wawili. Kwa Baluba jina la mapasa halitafutwi: aliyetoka wa kwanza ni Mbuyu, wa pili ni Kabange. Na sheria zao pia hazitafutwi. Ukisalimia huyu, salimia na yule. Ukimupa huyu, mupe na yule, kitu kile kile, siku ile ile. Ukimuruka mmoja, anakasirika, na pasa akikasirika anagonjwa. Nyumba ya Mukalay ilishika sheria hizi kuliko nyumba ya padri inavyoshika amri kumi. Hata matiti ya Mado yaligawanywa: la kuume la Mbuyu, la kushoto la Kabange, na hakuna kuvuka mupaka bila ruhusa.

Mukalay naye akaleta sheria yake kutoka kazini. Pale kwenye nyumba ya wageni kila chumba kilikuwa na uzi wake, umeshonwa kwenye pindo la shuka, mashuka yasichanganyike. Basi akashona uzi mwekundu kwenye bitambaa bya Mbuyu, na uzi wa bluu kwenye bitambaa bya Kabange. Akafunga kamba mbili uani, moja kutoka kwenye mupapai mpaka jikoni, ya pili kutoka kwenye mupapai mpaka kwenye choo, sawasawa kwa urefu. Kamba ya jikoni ya Mbuyu, kamba ya choo ya Kabange. Mado alipouliza kwa nini Kabange apewe choo, Mukalay alifikiri, akasema watabadilishana wakifika mwaka.

Alifula mwenyewe. Banaume wakipita kutoka kazini walisimama kwenye uzio kumuangalia.

— Tata Mapasa, bibi yako eko wapi?

— Eko ananyonyesha. Kama weye unaweza kunyonyesha, ingia. Nitakupa moya.

Walipita haraka.

Kitu kimoja tu kilimushinda Mukalay kulalamikia uso kwa uso, nacho kilikuwa mukwe wake. Mama Bilonda, mama ya Mado, alikuja kutoka upande wa Bukama kusaidia na mapasa. Na bukwe, jamani, ni bukwe: mwanaume hamuangalii mama ya bibi yake machoni, hakai naye mahali pamoja, hamusemeshi kinywa kwa kinywa. Ukivunja, unalipa kuku, na unasikia maneno mengi. Hiyo ni rahisi kijijini, kwenye nafasi. Lakini nyumba ya Mukalay ilikuwa na vyumba viwili, na mukwe alikuwa katika vyote.

Basi Mukalay akapata njia. Alikuwa na kuku mweusi wa mayai, asiyetulia, anayeingia ndani wakati wote. Akamuita Citoyenne, na akawa anasema na yeye.

— Citoyenne, ambia mama ya Mado kama ile sabuni ya kipande ni ya kufulia, si ya kuogea miguu.

Kuku aligeuza shingo. Mama Bilonda, mugongo wake kwenye mulango, alimujibu kuku vilevile:

— Citoyenne, ambia mukwe yangu kama hii miguu ilitoka Bukama juu ya batoto bake. Sabuni moya haitoshi kuilipa.

— Citoyenne, mwambie nimesikia.

Kuku yule alisikia maneno mengi kuliko wengi wetu.

Sasa nieleze jambo la dispanseri, kwa sababu bila hilo hautaelewa kwa nini mwanaume mwenye akili alikaa nyumbani siku aliyopaswa kukimbia.

Tangu mapasa wazaliwe, Mukalay alikuwa kwenye dispanseri kila juma. Mbuyu alipopiga chafya, walikwenda. Kabange alipocheka usingizini, walikwenda. Na kwa kuwa mapasa hawatenganishwi, aliwabeba wote wawili kila mara, Mado nyuma yake. Muuguzi pale alikuwa Mama Kanku, mwanamuke mufupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, asiyebembeleza mutu. Mimi nilikuwa kwenye benchi siku ya kwikwi, nilisikia kwa masikio yangu.

— Leo nani eko mugonjwa?

— Mbuyu. Anafanya kwikwi tangu asubuhi.

— Na huyu mwingine?

— Ye anamusindikiza.

Benchi yote ilianguka kwa kicheko. Mama Kanku hakucheka. Alivua miwani.

— Sikiliza muzuri, citoyen. Chafya si ugonjwa, ni pua. Kwikwi si ugonjwa. Kikohozi kidogo, na mutoto ananyonya, anacheka, analowanisha bitambaa: kaa kwako, muangalie. Lakini akikataa titi. Akikosa kukojoa. Akipumua mbio mbio, mbavu zinaingia ndani. Mwili ukiwaka moto. Akilala, unamuamusha, haamuki. Moya tu ya ile, usingoje ya pili. Usimalize hata chai. Kuya hata bila biatu. Umesikia?

— Nimesikia.

— Basi rudi. Umupe Mbuyu titi, kwikwi itaisha.

Kwikwi iliisha kabla hawajafika kwenye mulango, na benchi ikacheka tena. Toka siku ile watu walimuita Tata Dispanseri. Batoto wa mutaa walimufanyia kwikwi kwa nyuma akipita. Yeye aliyekuwa analalamikia kila kitu, jambo hilo hakulilalamikia hata kidogo, ndivyo tulivyojua limemuuma. Alimuambia Mado tu: "Kule sirudi tena, mpaka mutoto mwenyewe anipeleke."

Siku yenyewe ilikuwa siku yake ya kupumzika, juma moja baada ya ugomvi wa kofia. Kabange alikuwa ameanza kukohoa jana yake. Asubuhi alilia kidogo, kwa sauti ndogo kama ya paka aliye ndani ya sanduku, halafu akanyamaza. Mado alimupa titi la kushoto, mutoto akaligeuzia uso.

Mukalay alimugusa kipaji cha uso. Hapakuwa na moto. Alimugusa tena. Alikuwa ameshashika shati la kutokea, nadhani, halafu akasikia kile kicheko cha benchi kichwani mwake, akaweka shati chini.

— Citoyenne, alisema, ambia mama ya Mado kama huyu mutoto hapendezi macho yangu.

Mama Bilonda alikuwa na Kabange mapajani. Alimujibu kuku bila haraka, kama mutu aliyefikiri usiku mzima:

— Citoyenne, mwambie huyu si mugonjwa. Amekasirika. Juzi, juu ya baridi, Mado alimuvalisha Mbuyu ile kofia. Na huyu aliona. Mi nilikuwa pale, niliona anaona. Balipe deni yake ya kofia, atanyonya.

Mado alianza kulia, kwa sababu ilikuwa kweli: alimuvalisha. Na Mukalay, ambaye angepinga kama mutu mwingine angesema, hakuweza kupinga mugongo wa mukwe. Tena, niseme ukweli, alifurahi. Kofia haikumuhitaji apite mbele ya benchi.

Akaenda kwa Amisa, kofia mukononi.

— Mutoto anakohoa na munaniletea kofia, alisema Amisa.

— Mama ya Mado anasema deni yako njo inamugonjesha.

Amisa aliacha ndagala. Uso wake ulibadilika. Yeye ni Mwislamu, watu wake wa Kasongo, mambo ya mapasa ya Baluba hayakuwa yake. Lakini hakuna mwanamuke anayependa kusikia kwamba mukono wake umemugonjesha mutoto wa jirani.

— Niko na sufu kidogo ya mweusi, alisema. Leta.

Akakata fundo la kofia ile ya njano, akavuta uzi, na kofia ikaanza kuyeyuka mapajani mwake. Alisema atafanya mbili kwa sufu ya moja, njano na nyeusi, sawasawa, na jioni zitakuwa tayari. Mukalay alirudi nyumbani akatoa habari kwa kuku. Mama Bilonda alisema vema. Mado alipangusa macho. Mukalay akakunja suruali, akavua biatu, akaanza kufula.

Kazi ikishaanza, mutu anatulia, hata kama kazi yenyewe si ile iliyotakiwa. Niliwaona kutoka kwenye uzio wangu: Amisa anafuma, Mukalay anafula, Mama Bilonda anamubembeleza Kabange kwa sauti ya chini, na mimi mwenyewe nikasema moyoni, basi, mambo yanakwenda.

Jua lilikuwa limepanda Mukalay alipoanza kuanika. Alianza na kamba ya jikoni. Kitambaa, uzi mwekundu. Kitambaa, uzi mwekundu. Kamba ilijaa mpaka akabana. Kisha akachukua beseni, akaenda kwenye kamba ya choo, akaingiza mukono.

Mukono ulitoka na maji.

Akainama akaangalia ndani ya beseni. Akaligeuza. Akaangalia kamba ya choo: bitambaa bya Kabange bilikuwa palepale, bya jana, bikavu, bimekakamaa kama ngozi, upepo ukibigonganisha.

— Mado. Bitambaa bya Kabange biko wapi?

— Biko ku kamba.

— Bile ni bya jana.

Mado alikuja mulangoni na Mbuyu mukononi. Aliangalia ile kamba.

— Basi hakuna ingine, alisema. Hakukojoa. Louis, hili titi linaniuma. Tangu asubuhi limekuwa sawa jiwe.

Mukalay aliangalia blauzi yake. Upande wa kuume mukavu. Upande wa kushoto, upande wa Kabange, maziwa yalikuwa yamelowanisha nguo mpaka kwenye kiuno, maziwa ambayo mwenyewe hakuja kuyachukua.

Akaingia ndani na miguu yake ya povu. Mama Bilonda alikuwa amekaa kwenye kitanda, mutoto amefunikwa. Mukalay alisimama kwenye mulango na kuangalia chini, kushoto, kulia.

— Citoyenne, alianza.

Kuku hakuwepo. Alikuwa kwangu, anakula mahindi yangu kama kawaida yake.

Mukalay alingoja kidogo, vile mutu anavyongoja gari-moshi asilolisikia. Halafu akainua kichwa, akamuangalia mama ya bibi yake machoni.

— Mama, nipe mutoto.

Mado aliniambia baadaye alifikiri paa litaanguka.

— Umeniangalia, alisema Mama Bilonda.

— Nimekuangalia. Funua kifua yake, na weye uangalie.

Alifunua. Kifua cha Kabange kilikuwa kinapanda na kushuka mbio, mbio, na chini ya mbavu ngozi ilikuwa inaingia ndani kila pumzi, kama mutu aliye ndani anaivuta. Mutoto alikuwa ametulia sana. Wote walikuwa wamemusifu kwa kutulia.

— Kofia tutaivalisha, Mama, alisema Mukalay. Lakini huyu anaenda kwa munganga wa dispanseri sasa. Hata kama benchi yote inanicheka.

Hapa ndipo ninapomuheshimu Mama Bilonda, na nitamuheshimu mpaka kaburini, ingawa tulikosana mara nyingi juu ya kuku. Hakusema juu ya bukwe. Hakusema juu ya kofia. Alimuweka Kabange kwenye mikono ya baba yake, akasimama, akajifunga kilamba chake cha kitenge.

— Mapasa habatoke ku nyumba na huzuni, alisema. Wakisikia anayebabeba analia, wanafikiri wamechukiwa. Mado, kamata Mbuyu, na pangusa uso. Mi nitaimba.

Wewe msomaji kama hukusikia nyimbo za mapasa, ujue: ni nyimbo za matusi. Ndiyo heshima yao. Baba anatukanwa, mama anatukanwa, anayepita anatukanwa, na kila mutu lazima ajibu na kucheka. Mama Bilonda alitoka kwenye uzio mbele yao, mwanamuke wa nywele nyeupe, sauti kama ya filimbi ya stesheni:

Tata Mapasa, tumbo ya ngoma,
alizaa babili, biatu hana.

Na sisi banamuke wa mutaa, tulioacha masufuria kwenye moto, tukajibu nyuma:

Hana, hana, alibikula.

Ni pale Mukalay alipogundua kwamba kweli hana biatu. Hakurudi. Alikwenda na miguu mitupu kwenye changarawe ya barabara, anamushika Kabange kifuani ndani ya shati, Mado na Mbuyu ubavuni, Amisa nyuma na sindano zake za kufuma na mabonge mawili ya sufu yaliyokuwa yanaruka kwenye kapu, na Mama Bilonda mbele akimutukana mukwe wake kwa mambo ambayo sitayaandika hapa. Soko la Manika lilifunguka kama mulango. Wauza mahindi walisogeza mafungu yao. Muchinjaji mmoja, mutu mukali asiyecheka, alisimama na kisu chake akajibu wimbo, kwa sababu mapasa wakipita hata muchinjaji anajibu. Hapo wakati mwingine ungechelewa kusukumana na watu mpaka mate yakauke. Siku ile tulipita kama maji.

Benchi ya dispanseri ilikuwa imejaa. Mama Bilonda hakuomba nafasi. Alifika na wimbo, akawatukana waliokaa, mmoja mmoja, kwa heshima zote, na benchi yote ikasimama ikijibu na kupiga mikono. Na waliposimama, Mukalay akapita.

Mama Kanku alitokea mulangoni.

— Tata Dispanseri, alianza, leo ni kwikwi ya…

Akaona miguu. Ilikuwa na vumbi jekundu na povu lililokauka, na damu kidogo kwenye kidole. Hakumaliza. Akanyoosha mikono akamuchukua Kabange, akamugeuza kwenye mwanga, akaangalia kifua, akaita munganga kwa jina bila kuweka citoyen mbele yake.

Yalikuwa mapafu. Munganga aliweka chombo chake kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akasema wamefika wakati wa kufika. Kama wangengoja kesho, alisema, hangependa kusema ingekuwaje, na hakusema. Kabange alipigwa sindano ya kwanza, na hakulia. Tulipoona hakulia, hata Mama Bilonda alikata wimbo katikati.

— Na huyu? aliuliza Mama Kanku, akimuonyesha Mbuyu aliyekuwa anatabasamu.

— Ye anamusindikiza, alisema Mukalay.

Mama Kanku hakucheka wala hakumufukuza. Alimuambia munganga: "Ni mapasa." Na munganga, mutu wa kuelewa, akaweka kile chombo baridi kwenye kifua cha Mbuyu pia, mbele na nyuma, muda uleule. Mbuyu alipiga kelele mpaka madirisha yakatetemeka. Ilikuwa sauti nzuri sana kusikia.

Waliwaweka kwenye chumba cha nyuma, kitanda kimoja, mapasa wote wawili. Amisa alikaa sakafuni mguuni mwa kitanda, akafuma bila kusema na mutu. Muda wa sindano ya pili ulipofika, Mama Kanku alichoma, na Kabange akafungua kinywa akalia. Si ile ya paka. Alilia kwa hasira, kwa haki yake, akawa mwekundu. Mado alimupa titi la kushoto. Kabange aliligeuzia uso mara moja tu, akarudi, akalishika, na mara tukasikia anameza. Alimeza, akapumzika, akameza. Halafu Mukalay, aliyekuwa amemushika mutoto matako, akatulia kabisa.

— Mado, alisema taratibu. Amenikojolea.

Jamani, niliona watu wakishangilia harusi, niliona wakishangilia timu ya mpira. Sikuona watu wakishangilia mikojo kama siku ile. Mama Bilonda alianzisha wimbo pale pale, wa matusi kuliko yote, na wagonjwa wa chumba cha mbele wakajibu kupitia ukuta. Mukalay alikifungua kitambaa, chenye uzi wa bluu, akakishika kama bendera. Akatoka nacho uani, akakifula kwenye bomba, akakianika kwenye uzio wa dispanseri peke yake, akakaa kukiangalia kikikauka.

Mama Kanku alitoka akasimama karibu naye.

— Ulikuwa unaogopa kuchekwa, alisema.

— Nilikuwa naogopa.

— Kesho nitakucheka tena. Kuya tu. Kuchekwa haiue mutoto.

— Ile sabuni yenu ya bomba, alisema Mukalay, ni mbaya sana. Haitoe povu.

Ndivyo tulivyojua kwamba amepona yeye pia.

Amisa alimaliza kofia kabla ya jua kuzama. Zilikuwa na mistari ya njano na nyeusi, na mapasa walipovaa walikuwa kama nyuki wawili. Akawavalisha zote mbili mara moja, mikono miwili, asimutangulize yeyote, kama alizaliwa Muluba. Mukalay alisema ya Mbuyu inabana kidogo. Amisa akamuambia basi apunguze kichwa.

Mpaka leo kuna maoni matatu. Mama Kanku anasema ni sindano. Mukalay anasema ni kamba, kwa sababu bila kamba mbili asingejua. Mama Bilonda anasema deni ya kofia ililipwa na mutoto akanyonya siku ileile, kila mutu aliona. Mimi siwezi kuwapatanisha, na mapasa wenyewe walinenepa bila kuuliza.

Ilibaki deni moja. Siku waliporudi nyumbani wote, Mukalay alikamata kuku wake mweusi, akamufunga miguu kwa kipande cha kamba, akamuweka kwenye mulango wa chumba. Akageuka, mugongo kwa mugongo na mukwe wake, kama desturi inavyotaka.

— Citoyenne, alisema, ambia mama kama siku ile nilimuangalia mu macho. Tena nilimusemesha kinywa kwa kinywa. Najua sheria. Faini ni weye.

Kuku alilalamika kwa sauti. Mama Bilonda alikuwa anamuogesha Kabange kwenye beseni. Alimumwagia mutoto maji kwanza, mpaka Mukalay akaanza kukuna kisigino kwa kidole cha muguu mwingine.

— Citoyenne, alisema mwishowe, ambia mukwe yangu kama ana akili ndogo. Nikikukula na bukari ya mahindi, kesho atanisemesha na nini? Na mupapai? Mwambie akufungue.

— Na deni?

— Mwambie deni ililipwa. Asubuhi hii Kabange alinikojolea kilamba yote mupya. Kuku moya haifikie ile.

Mukalay aliinama kumufungua kuku, akalalamika kwamba aliyefunga fundo lile hajui kufunga.

Alikuwa amelifunga mwenyewe.